Goma: Benki zimefungwa, mtoto yuko Ufaransa, na mkataba wa chumba unasema miezi 9

Kipengele kinachomlazimisha mpangaji kukaa muda fulani kabla ya kutoka huonekana kidogo sana siku ya kusaini. Ni mstari mmoja au miwili katikati ya kurasa nyingi, na mwanafunzi mgeni aliyefika juzi na valizi yake hana nguvu ya kukibishia. Uzito wake hujulikana siku pesa zinapokatika. Kwa familia moja ya wahami inayoishi kartie Ndosho, mjini Goma, siku hiyo ilifika mwisho wa mwezi wa kwanza 2025.

Familia hiyo ni ya Masisi. Vita viliisukuma hadi Sake, kisha mwezi wa pili 2024, mapigano yalipokaribia Sake, ikaingia Goma. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama anauza maharagi na unga wa muhogo katika soko la Virunga. Wana watoto watano. Wa kwanza, kijana wa miaka 22, alipata nafasi ya kusoma Ufaransa, katika mji wa Saint-Étienne.

Kupata viza ya masomo si jambo la mchezo. Ufaransa inamtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba atakuwa na euro 615 kwa kila mwezi, yaani euro 7,380 kwa mwaka mzima. Ng'ombe waliobaki Masisi waliuzwa. Baba mdogo wa Bukavu aliongeza kitu, shangazi wa Lubumbashi naye akaongeza. Pesa ziliwekwa benki Goma, na mpango ulikuwa kumtumia kijana kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi.

Kijana alifika mwisho wa mwezi wa nane 2024. Alilala siku chache kwa Mkongomani mmoja aliyempokea, huku akitafuta chumba. Ajansi moja ya nyumba ilimpa chumba chenye kitanda, meza na jiko dogo, kwa euro 390 kwa mwezi, pamoja na garanti ya miezi 2. Mkataba ulianza tarehe 1 mwezi wa tisa na kuishia tarehe 31 mwezi wa tano. Kwenye ukurasa wa tatu uliandikwa kwamba muda wa chini wa kukaa ni miezi 9, na kwamba mpangaji atakayetoka mapema atalipa miezi yote iliyobaki. Kijana alisoma, akaelewa, akasaini. Bila anwani hangeweza kuendelea na makaratasi yake mengine. Tena mawazoni mwake hakukuwa na safari nyingine, alikwenda kusoma mwaka mzima.

Miezi mitano alilipa bila shida. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa. Benki zilifunga milango, na pesa za watu zikabaki ndani. Mshahara wa baba ulikuwa unapitia benki, nao ukakwama. Watu wenye pesa sehemu nyingine walianza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi ili watoe kidogo. Familia ya Ndosho haikuwa na pesa upande huo wa mpaka. Ilikuwa na kitabu cha benki tu, na mabaki ya maharagi ndani ya nyumba.

Kijana hakungoja. Yule Mkongomani aliyempokea mwanzoni alimwambia kwamba kuna kitanda katika nyumba wanayopanga watu watatu, kwa euro 180. Na viza yake ilimruhusu kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, hivyo kwa kitanda cha bei hiyo angeweza kujisimamia hadi mtihani. Akaiandikia ajansi kwamba anataka kutoka. Jibu lilikuja siku ya pili: mkataba unasema miezi 9, anayetoka sasa atalipa hadi mwisho wa mwezi wa tano.

Hapo ndipo mstari ule mmoja wa Saint-Étienne ulipofika Ndosho. Miezi iliyokuwa mbele ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 1,000. Kwa familia inayolipa dola 40 kwa mwezi kwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, hiyo ni kodi ya zaidi ya miaka miwili. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kuuza: parseli ya Sake. Nyumba iliyokuwepo ilikuwa imeharibika, lakini ardhi ilikuwa yao, na makaratasi yake mama aliyafunga ndani ya kitambaa siku walipokimbia. Mnunuzi alikuwepo. Wakati wa vita mnunuzi hakosekani, ila bei anaitaja yeye. Alisema dola 1,200.

Baba alikataa. Alisema parseli ile ndiyo inayoifanya familia iwe wahami na si watu wasio na kwao. Mama alimjibu kwamba mtoto aliye ng'ambo na deni juu ya kichwa naye amepotea. Waliongea usiku mbili. Binti yao wa pili, aliyesimamisha masomo yake Goma juu ya hali ya usalama, aliwasikiliza, kisha akamwandikia kaka yake habari ya mnunuzi.

Kijana alituma sauti kwa WhatsApp. "Mama, msiuze kitu. Ngojeni kwanza."

Mama akamjibu: "Papa, karatasi hiyo uliisaini wewe mwenyewe?"

"Niliisaini, Mama."

"Basi deni ni lako, na deni lako ni letu."

Kwa mama huyo, saini ni neno la mtu. Sokoni anatoa gunia kwa ahadi ya mdomo, na asiyelipa anajulikana soko zima. Kwamba mtu anaweza kusaini kitu na sheria ikasema kitu hicho hakimfungi, hilo hakuwa amelisikia. Na kijana mwenyewe alikuwa hivyo. Aibu ilimzuia kuuliza mapema. Aliona kwamba kwenda kuuliza ni kama kutafuta njia ya kukimbia deni.

Aliyemsukuma ni mwanafunzi mwenzake, aliyemwambia kwamba Ufaransa kuna ofisi zinazoitwa ADIL, zinazotoa maelezo ya sheria ya nyumba bila malipo. Alikwenda na mkataba wake. Mfanyakazi aliyempokea alisoma ukurasa wa tatu, akamuuliza maswali mawili: chumba kina vitu vya ndani? Ndiyo makao yako ya kawaida? Majibu yote mawili yalikuwa ndiyo.

Basi alielezwa hivi. Chumba chenye vitu vya ndani, ambacho ndicho makao ya kawaida ya mpangaji, kinafuata sheria ya tarehe 6 mwezi wa saba 1989. Mkataba wa kawaida wa chumba kama hicho ni wa mwaka mmoja. Kwa mwanafunzi unaweza kuwa wa miezi 9, na hapo haujirudii wenyewe ukiisha. Lakini miezi hiyo inamfunga mwenye nyumba. Yeye hawezi kumtoa mwanafunzi katikati kwa sababu amepata mtu wa kulipa zaidi. Mpangaji anaweza kutoka wakati wowote, mradi atoe taarifa ya mwezi mmoja. Haki hiyo haiondolewi na mkataba, kwa maana sheria ile iko juu ya mapatano ya watu wawili. Kipengele kinachoipinga huhesabiwa kama hakikuandikwa.

Kijana aliomba arudiliwe sentensi hiyo ya mwisho.

Alipewa pia njia ya kufuata. Taarifa isitumwe kwa ujumbe wa simu. Itumwe kwa barua ya rekomande yenye karatasi ya kuonyesha kwamba imepokelewa, au ipelekwe mkononi na aliyepokea asaini. Mwezi unahesabiwa kuanzia siku barua inapopokelewa, si siku ilipoandikwa. Ajansi ilipokea barua tarehe 14 mwezi wa pili, na tarehe 14 mwezi wa tatu kijana alirudisha ufunguo. Alilipa hadi siku hiyo, basi. Ajansi iliandika mara moja tena kudai miezi iliyobaki. Alijibu kwa adabu kwa kutaja sheria, na barua nyingine haikuja. Garanti, ambayo sheria inataka irudishwe ndani ya mwezi mmoja ikiwa chumba kimeachwa kilivyokuwa, au miezi 2 kukiwa na tofauti, ilirudi na kupunguzwa kidogo juu ya usafi.

Parseli ya Sake haikuuzwa.

Si vizuri kusema kwamba kila mwenye nyumba anayeandika kipengele hicho ni mwizi. Katika miji ya wanafunzi vyumba hutafutwa mwezi wa tisa. Chumba kinachoachwa mwezi wa pili kinaweza kukaa kitupu hadi mwaka mwingine wa masomo, na mwenye nyumba huenda naye analipa mkopo wa benki. Woga wake una msingi. Ila sheria ya Ufaransa iliupima woga huo na hali ya mpangaji, ikasema mwezi mmoja unatosha kumtafuta mwingine. Ajansi ilijua hivyo. Mwanafunzi mgeni hakujua, na kipengele kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya asiyejua.

Kwa upande mwingine, habari hii isichukuliwe kama ufunguo wa kila mlango. Makao ya wanafunzi yanayosimamiwa na serikali ya Ufaransa, yale ya CROUS, yana kanuni zake, na mkataba wake husomwa kwa kanuni hizo. Watu wanaopanga pamoja kwa mkataba mmoja wenye kipengele cha kudhaminiana wana hatari nyingine: anayetoka anaweza kudaiwa kodi ya wenzake hadi miezi 6 baada ya taarifa yake kuisha, kama hakuna aliyeandikwa mahali pake. Kijana wa Ndosho aliuliza jambo hilo kabla ya kuingia katika nyumba ya euro 180, na safari hii aliuliza kabla ya kusaini. Na anayekwenda Ubelgiji ajue kwamba sheria ya nyumba kule ni ya kila jimbo, Brussels, Wallonie na Flandre, na ile ya Ufaransa haivuki mpaka pamoja naye.

Kuna jambo lililoendelea Ndosho baada ya barua ile. Binti wa pili, aliyekuwa amesoma maelezo yote ya kaka yake, alimuuliza baba kama Kongo haina sheria ya aina hiyo. Ipo. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, juu ya nyumba za kupanga zisizo za biashara. Inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3.

Mama alipoingia Goma mwezi wa pili 2024, akiwa na watoto, magodoro na makaratasi ndani ya kitambaa, mwenye nyumba alimwomba garanti ya miezi 6. Alibembeleza hadi miezi 4, dola 160. Hakuna aliyeandika kwamba lazima akae muda gani. Lakini mtu aliyetoa dola 160 zake zote hawezi kuhama hata kama mvua inaingia, hata kama mapigano yanakaribia, kwa kuwa pesa ya kupanga pengine imefungwa katika nyumba hii. Garanti kubwa inafanya kazi ile ile ya kipengele cha Saint-Étienne, bila kuandikwa.

Mama hakwenda kwa chifu wa kartie wala hakutafuta avoka. Wakati ule hata aliyekuwa na haki hakujua aipeleke mlango gani. Alikwenda jioni kwa mwenye nyumba, mjane anayeishi kwenye parseli hiyo hiyo, akakaa naye kwenye baraza.

"Mama, sikuja na ugomvi," alimwambia. "Nimesikia kwamba sheria yetu inasema miezi 3. Ulichukua 4. Mwezi huu sina kitu."

Mjane alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba pesa ile ilikwisha zamani, ilinunua mabati ya nyumba wanayoilalia. Hilo lilikuwa kweli, mabati yalionekana. Waliongea juu ya watoto, juu ya bei ya makala, juu ya benki. Mwisho walipatana kwamba mwezi wa nne wa garanti uhesabiwe kuwa kodi ya mwezi huo wa tatu 2025, na garanti ibaki miezi 3 kama sheria inavyosema. Binti aliandika karatasi mbili, wote wawili wakasaini, kila mmoja akabaki na yake. Dola 40. Ziliinunulia familia mwezi mmoja wa kulala bila deni.

Mikataba ya nyumba huandikwa kana kwamba kesho inajulikana. Inamuona mpangaji kama mtu ambaye mshahara wake utafika, ambaye benki yake itafunguliwa saa mbili, ambaye wazazi wake wako mahali pale pale alipowaacha. Mtoto wa wahami anasaini karatasi hiyo hiyo, lakini nyuma yake kuna nyumba inayoweza kuhama usiku mmoja. Ndiyo maana kwake siku ya kutoka ni muhimu kuliko siku ya kuingia. Kodi ya chini inaweza kumdanganya. Chumba cha euro 390 kinachoruhusu kutoka kwa taarifa ya mwezi mmoja kinaweza kumgharimu kidogo kuliko cha euro 330 kinachomshika kwa miezi 9 mahali ambapo sheria inakubali hivyo.

Kwa familia zilizo na mtoto anayejiandaa kwenda Ufaransa, mambo machache yanafaa kukumbukwa. Garanti ya chumba chenye vitu vya ndani haiwezi kuzidi miezi 2 ya kodi. Mwanafunzi asiye na mdhamini anaweza kuomba Visale, udhamini wa bure unaotolewa na Action Logement kwa vijana wa miaka 18 hadi 30, na aombe kabla ya kusaini mkataba. Anayejua kwamba atakaa muda mfupi anaweza kuuliza kama mwenye nyumba anakubali mkataba wa mobilite, uliowekwa na sheria ya 2018: ni wa mwezi 1 hadi 10, hauruhusu kuomba garanti, na mpangaji anatoka kwa taarifa ya mwezi mmoja. Na picha ya kila ukurasa wa mkataba itumwe nyumbani. Kijana wa Ndosho alikuwa na mkataba wake wote katika simu. Bila ukurasa wa tatu, ADIL isingekuwa na cha kusoma.

Mwezi wa nane 2025, zamu ilikuwa ya binti wa pili. Masomo yake ya Goma yalikuwa hayajasimama sawa, na rafiki wa baba alipatikana Kampala wa kumwangalia. Hosteli ya kwanza iliyoulizwa ilitaka muhula mzima ulipwe kabla ya kuingia. Mama aliomba simu, akaongea mwenyewe na mwanamke wa hosteli kwa Kiswahili. Aliuliza jambo moja: mtoto akilazimika kuondoka katikati ya muhula, kinarudi nini? Mwanamke alimjibu bila kuficha kwamba hakirudi kitu.

Mama alimshukuru. Kisha akamwambia rafiki wa baba atafute chumba cha kulipa kwa mwezi, kile ambacho watu wa Kampala wanakiita muzigo, hata kama ni mbali na shule. Kilipatikana. Binti anatembea karibu saa moja asubuhi, na saa moja jioni. Kila mwisho wa mwezi analipa, anapewa risiti, na anatuma picha yake Ndosho, ambako mama anaziweka pamoja na makaratasi ya parseli ya Sake.